Kibuyu Kilichorudi Kitupu

Mama Agripina alishuka kwenye gari ameshika kibuyu shingoni, kichwa chini miguu juu, kama mtu anayepeleka kuku kuchinjwa. Mimi nilikuwa kwenye kigoda napepeta mtama. Nikaweka ungo chini. Mguu ule haukuja kusalimia tu.

Nyuma yake alishuka mzee Calist, mshenga wetu, anajifuta jasho na jua hata halijapanda. Wa mwisho alikuwa Gervas mwenyewe. Alifunga mlango wa gari polepole, kama unavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Hakunitania. Siku zote akifika hapa Sepuka huanza na kelele tangu barabarani, "Mke wangu mkubwa yuko wapi, leo nakuchukua!" nami humjibu, "Ngoja kwanza nitafute meno yangu." Siku ile aliniamkia kwa adabu kama anaamkia padri. Nikajua kuna msiba.

Mjukuu wangu Yasinta alikuwa uani anafua nguo za safari. Kusikia gari tu akaja mbio, mikono ina povu, uso wote umewaka. Akapiga goti mbele ya mama mkwe wake mtarajiwa.

"Shikamoo mama."

Mama Agripina alimtazama, akatazama lile povu, akampita. Akaja kwangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za Iguguno?"

"Njema."

Shikamoo ya Yasinta haikupata marahaba yake. Mtoto aliinuka kidogo kidogo, anafuta mikono kwenye kanga, macho yanamtafuta Gervas. Gervas anatazama viatu.

"Karibuni mkae," nikasema. "Yasinta, lete viti."

"Hatukai," alisema Mama Agripina. "Tumekuja kuuliza neno moja, tukijibiwa tunageuka. Hiki ni nini?"

Akakiinua kile kibuyu.

Kibuyu nilikijua. Ndicho walichokuja nacho mwezi wa kwanza, siku ya kuja kuuliza, kimejaa asali mpaka mdomoni. Kwa wazee wetu sisi jambo hili halina maneno mengi: kibuyu cha posa kikikubaliwa kinabaki jikoni kwa bibi wa binti mpaka siku ya harusi. Kikirudishwa kimejazwa nafaka, maana yake tupeni muda. Kikirudishwa kitupu, basi. Hakuna kikao wala barua. Posa imekataliwa, na aliyekataliwa hatakiwi hata kuuliza sababu. Watu wa Iguguno wengi ni Wanyiramba, pengine wasingejali. Lakini Mama Agripina ameolewa kule tu. Amezaliwa Mungaa, ni Mnyaturu kama mimi. Kibuyu kitupu alikisoma bila kuvaa miwani.

"Stanley wa Fuso alikileta jana," alisema. "Akanikabidhi mkononi. 'Bibi Febronia amesema mpe Gervas.' Nikatikisa. Kitupu! Kimeoshwa, kimekauka, hata harufu ya asali haimo. Mama, kama mmetukataa, si mngesubiri mtoto apande ndege ndipo mtuambie? Mnatuaibisha na dereva wa Fuso?"

Yasinta alinigeukia. Sijawahi kumwona na macho yale.

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu la aibu na lilikuwa dogo, ningelisema kwa pumzi moja. Lakini nimeishi miaka mingi, nimeozesha wanne, nimezika mume, na kitu nilichojifunza ni kwamba ukweli ukiwa wako hauozi ukikaa kidogo. Nilitaka niwasikie kwanza hawa watoto. Siku ile ilikuwa Jumanne. Alhamisi Yasinta anapanda basi la Dar es Salaam, kisha ndege, anakwenda mwaka mzima. Kama kamba hii ilikuwa na mahali palipooza, heri pakatike mbele yangu kuliko pakatikie ng'ambo ya bahari akiwa peke yake.

Nikakaa kimya. Mzee akinyamaza watu hudhani hasikii.

"Yasinta," Gervas aliinua uso hatimaye. "Ni wewe uliyekirudisha?"

"Siyo mimi."

"Basi kimetembea chenyewe," alisema Mama Agripina.

"Mama, niache niongee naye."

"Ongea. Nani amekuziba?"

Yasinta alimsogelea. Huyu mtoto nimemlea tangu ana miaka mitatu, wazazi wake wakiwa Itigi kwenye kazi ya reli, namjua akikasirika. Hapandishi sauti. Anaishusha.

"Gervas, wewe uliamini?"

Kijana wa watu ni mrefu, mikono mipana, ana mashine ya kukamua alizeti pale Iguguno, na nguo zake hata zikifuliwa mara saba hunukia mafuta. Walikutana kwenye maonyesho ya wakulima, wakapangiwa meza moja, yeye na chupa zake za mafuta, Yasinta na chupa zake za asali. Alinunua asali mara tatu siku moja. Baadaye ndipo tukajua kwamba hapendi vitu vitamu.

"Niliamini," alisema. "Jana mchana nimeamini, usiku nimeamini. Asubuhi nikasema, hapana, mimi sikukiposa kibuyu. Nimemposa Yasinta. Nikamuulize mwenyewe."

"Na kwa nini uliamini?"

"Kwa sababu nilikuwa nalingojea. Tangu ile barua yako ya safari ije, kila siku naamka nikijua kuna siku litanifika."

Macho yao yakashikana pale. Nikatazama mtama wangu, maana kuna kutazamana ambako mtu mzima hatakiwi kukuona.

"Na asali yetu?" Mama Agripina hakuwa na habari na macho. "Mmeila? Au mmeitupa?"

Yasinta aliingia ndani. Tukasikia kifuniko cha sanduku, kisha zipu ya begi. Akarudi na vitu viwili: chupa kubwa ya kioo iliyofungwa kwa kitambaa cheupe, na kichupa kidogo kama cha dawa ya kikohozi, kimeviringishwa ndani ya fulana yake ya kulalia.

"Kibuyu kilikuwa kinatoa jasho, mama. Kina ufa kwa chini, tazama. Nikaihamisha asali isipotee, kibuyu nikakiosha nikakitundika stoo. Hii kubwa inangojea siku ya harusi, inakaa kwenye sanduku la bibi. Hii ndogo naondoka nayo. Kule ninakokwenda mgeni akifika anaulizwa, kwenu mna nini? Nilitaka niwaonyeshe asali ya mtu wangu." Akakiinua kile kichupa. "Wakinikatalia uwanja wa ndege, nitainywa yote mbele ya askari. Kutupa, sitaitupa."

Gervas alitoa sauti fulani, siyo kicheko wala siyo kilio. Mzee Calist akakohoa. Nikaona basi, nilichotaka kukisikia nimekisikia.

"Ni mimi," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Kibuyu nimekituma mimi. Nilitaka mafuta."

"Mafuta?" alisema Mama Agripina.

"Mafuta ya alizeti, mwanangu. Ya kupikia Alhamisi, watu wakija kumuaga huyu. Dumu langu ameazima jirani. Nikaingia stoo, kuna giza, vibuyu viwili vimening'inia kwenye msumari mmoja, nikachukua kimoja nikampa Stanley. Nikamwambia mpe Gervas ajaze. Sasa Stanley na yeye, neno la mwisho kaliacha barabarani."

Mzee Calist ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa chini bila kuonyeshwa kiti. "Lita ngapi, mama?"

"Tatu tu!"

"Lita tatu! Nimeamshwa kabla ya jogoo, nimeandaa maneno ya kuvunja uchumba, kumbe ni lita tatu!"

Yasinta naye alicheka huku machozi yanamtoka, Gervas akacheka akiwa ameshika ukuta. Mimi nilicheka kwa aibu. Lakini Mama Agripina hakucheka. Alivuta kiti cha barazani akakaa, akaweka kibuyu magotini, na nikaona kumbe hasira ilikuwa sufuria tu. Kilichokuwa kinachemka kilikuwa ndani yake.

"Haya," alisema. "Kibuyu ni bahati mbaya. Safari je, nayo ni bahati mbaya?"

Kicheko kikaisha.

"Nisikilizeni, na mama nisamehe. Nina mtoto wa kiume mmoja. Harusi tulisema mwezi wa tisa. Leo naambiwa mwaka, huko Peru, msituni, na watu ambao hata jina lao siwezi kulitamka. Na kazi yenyewe ya kujitolea! Hakuna mshahara! Hata punda wa Iguguno akibeba gunia anapewa pumba." Akamtazama Yasinta kwa mara ya kwanza. "Mimi nataka mkwe. Sitaki picha kwenye simu. Harusi ni mwezi wa tisa. Ukiwepo, utaolewa. Usipokuwepo, kibuyu hiki nimeshakipata, sitakirudisha tena."

Neno lilikuwa limewekwa mezani. Mwezi wa tisa au msitu.

"Mama," Gervas alianza.

"Nyamaza wewe. Namuuliza yeye."

Nitasema ukweli: niliogopa. Kwa sababu nilijua anampenda yule kijana, na nilijua mtu akipenda anaweza kuchanachana barua ya maisha yake yote na kuitia motoni, kisha akaishi miaka hamsini anaitafuta kwenye majivu.

Yasinta alipiga goti tena. Lakini kichwa hakukiinamisha.

"Mama, mwezi wa tisa sitakuwepo."

Mzee Calist akavuta pumzi.

"Naomba nikueleze, kisha uamue. Sikwenda kuomba hii safari, mama. Wameniita. Unajua walichokiona? Ukuta wa bibi."

Akanyoosha mkono kuelekea tembe yangu ya zamani. Iko nyuma ya hii nyumba ya bati aliyonijengea mwanangu Leonidas, baba yake Yasinta. Paa lake la udongo limebonyea, ukuta umepasuka, na kila mwaka Leonidas hunipigia simu, "Mama, tuvunje hilo gofu." Kila mwaka namkatalia, kwa sababu ndani ya ukuta ule wamo nyuki wadogo, wale wasiouma, wamekaa humo tangu nilipokuja hapa nikiwa bibi harusi. Nilimfundisha Yasinta kuchota asali yao akiwa hajaanza hata darasa la kwanza: unatoa tofali moja, unachukua kidogo, unawaachia kingi, unaziba kwa udongo wa ukuta ule ule. Ndipo akapenda nyuki, ndipo akaenda chuo cha nyuki Tabora, ndipo akafanya kazi na kina mama wa asali kule Itigi, kuwatembeza wageni mizingani. Picha ya ukuta wangu aliiweka kwenye mtandao. Sasa angalieni umetembea mpaka wapi.

"Wale watu ni wenyeji wa msitu wenyewe," alisema Yasinta. "Mababu zao wamezikwa humo. Kuna makampuni yalikuwa yanawaletea wageni wanapiga picha, wanaondoka. Wakakataa. Wakajenga nyumba zao za wageni kando ya mto, wanawatembeza wao, wanawapikia wao, na njia wasiyotaka ipitwe, haipitwi na mtu. Wana nyuki wadogo kama hawa wetu. Ila wazee waliojua kuwafuga nyumbani wamekwisha, na vijana wakitaka asali wanaangusha mti mzima. Mwenyekiti wao ni bibi, anaitwa Rosalva. Ameandika hivi." Hakufungua karatasi. Aliijua kwa moyo. "'Msitu tunaujua, hatuhitaji wa kutufundisha. Tunataka mtu aliyekulia nyumba moja na nyuki, aje akae nasi mvua ipite na irudi. Tumwonyeshe vyetu, atuonyeshe vyake.'"

Mimi barua ile nilisomewa mara nne. Na kila mara kifua changu kilijaa. Kwa miaka yangu yote nimeona vijana wa mbali wakija huku kujitolea. Mmoja alitufundisha kunawa mikono, mwingine alipaka ukuta wa shule rangi ya bluu. Wema tu, sikatai. Lakini sikuwahi kusikia kwamba Sepuka nayo ina kitu ambacho watu wa upande mwingine wa dunia wanakihitaji, na kwamba kitu hicho ni tofali la ukuta wangu.

"Nyuki!" alisema Mama Agripina. "Nyuki hata mimi nawajua. Ukiwaona, kimbia."

"Hawa hawakimbiwi, mama. Njoo nikuonyeshe."

"Mimi? Sisogei."

"Njoo, mwanangu," nikamwambia. "Ukiumwa, nitalala chini unichape."

Alijifunga kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi, akaja, kibuyu kwapani, hatua moja mbele mbili nyuma. Ukutani palikuwa na ule mrija wao wa nta, mwembamba kama kidole cha mtoto mchanga, nyuki wanaingia na kutoka, wadogo kuliko inzi. Yasinta alitoa tofali kwa kisu, taratibu, kama anayemvua nguo mgonjwa. Ndani kukaonekana mji: vijichungu vya nta vimejaa asali, na katikati watoto wao wamepangwa sahani juu ya sahani.

"Gervas, nishikie hapa."

Gervas alishika. Vichwa vyao vikakaribiana. Niliwasikia, ingawa walidhani wananong'ona.

"Unanukia alizeti."

"Na wewe sabuni."

"Umekonda. Usiku mmoja tu umekonda hivi?"

"Naogopa, Yasinta."

"Msitu?"

"Siyo msitu. Naogopa utarudi umekuwa mkubwa kuliko mlango wetu."

Mikono yake haikusimama, ilikuwa inatenganisha nta. "Una mwaka mzima, Gervas. Panua mlango."

Alicheka yule kijana, cheko la chinichini, la mtu aliyetua mzigo. "Nitaupanua," alisema. "Nitatoa fremu yote."

Mimi nikajifanya nafukuza kuku.

Wakati huo nyuki mmoja alikuwa ametua kwenye kiganja cha Mama Agripina. Nilimwona anakaza mwili, amefumba macho, anangoja kuchomwa. Hakuchomwa. Akafumbua jicho moja. Yule mdudu anatembea tu kwenye mistari ya kiganja chake kama anayetafuta njia ya kwao. Mama Agripina akamtazama muda mrefu. Kisha kile kitenge kikaanza kulegea kichwani naye hana habari.

"Kwa mama yangu walikuwepo," alisema polepole, kwa Kinyaturu sasa. "Mungaa. Ukutani, juu ya kitanda changu. Nikikohoa alikuwa anachota na unyasi, ananilambisha. Ina uchachu."

"Ina uchachu," nikamjibu.

"Tulipopata bati, kaka zangu wakavunja ile nyumba. Nilikuwa na furaha, mama. Bati! Hakuna hata mmoja aliyeuliza wale wataenda wapi." Akapangusa uso kwa mkono mwingine, ule usio na nyuki. "Sijawaona tena mpaka leo."

Yasinta alichukua unyasi, akachovya kwenye kijichungu kimoja, akampelekea mdomoni. Na Mama Agripina, aliyemnyima mtoto wangu marahaba asubuhi ile, akafungua mdomo kama mtoto, akalamba.

Hakuna aliyecheka. Hata mzee Calist alivua kofia, sijui kwa nini.

"Nipe kibuyu, mama," alisema Yasinta.

"Cha kazi gani?"

"Nipe tu."

Akakipokea. Ule ufa wa chini akaupaka nta ukazibika. Mdomo akaupanua kidogo kwa kisu, mkono uingie. Akachukua sahani mbili za watoto wa nyuki, zenye wanaokaribia kutoka, akatafuta mpaka akapata ile seli moja kubwa kuliko zote ambayo malkia mdogo amelala ndani yake. Akaweka. Akaweka vijichungu vya asali na vya chavua, akaweka nta ya kujengea. Kisha akachota nyuki wenyewe kwa kikombe, kwa upole, kama anachota maji ya kumnywesha mtu. Mdomo akauziba kwa udongo wa ukuta wangu, akaacha tundu la kalamu, akalipaka nta ya mrija wa zamani ili walijue kwa harufu. Kazi yote hiyo ilichukua muda wa kupika ugali. Nilikuwa nimesimama pembeni na mikono nyuma, na nawaambia, sijawahi kujivuna hivyo hata siku Leonidas alipopata kazi ya reli. Kila kidole chake nilikijua. Vilikuwa vidole vyangu, ila vyake vilikuwa na shule.

Alipomaliza alikishika kwa mikono miwili, akapiga goti mara ya tatu siku ile.

"Mama, mimi kibuyu chako sikukirudisha kitupu. Leo nakirudisha hivi. Wazee wanasema kikiwa na nafaka maana yake tupeni muda. Humu hamna nafaka, mna watu. Kining'inize barazani kwako, pasipo jua kali. Usikifungue. Hawa hawaharakishwi, kukijaza watachukua mwaka. Siku utakayokiona kizito, mimi nitakuwa njiani. Harusi yangu italiwa kwa asali hiyo. Kama hutaki kungoja, kiweke tu hapo chini, nitakuelewa, na nitaondoka Alhamisi hivyo hivyo. Nitalia mpaka Peru, lakini nitaondoka."

Gervas alisogea akasimama karibu naye. Hakumshika. Alisimama tu, bega karibu na bega, akamtazama mama yake.

"Na mimi nitangoja, mama," alisema. "Siyo kwa sababu nimeambiwa. Mtu wa kwanza kuitwa ng'ambo kutoka huku kwetu ni mchumba wangu, halafu mimi ndiye nimfungie mlango? Nitawaangalia kwa uso gani watu wanaoleta alizeti?"

Mama Agripina aliweka sikio kwenye kibuyu. Akasikiliza. Mle ndani kulikuwa na kamvumo kadogo, kama sufuria linaloanza kuchemka mbali.

"Calist," alisema.

"Naam shemeji."

"Wewe ndiye mshenga. Kibuyu chenye watu ndani, wazee wanasemaje?"

Mzee Calist alijikuna shingo. "Wazee hawakusema. Hakijawahi kutokea."

"Basi sema wewe."

"Mimi nasema," akavaa kofia yake, akajiweka sawa, "kibuyu chenye watu ndani hakirudishwi. Utawarudisha wapi? Wameshahamia."

Mama Agripina alivua kile kitenge kichwani, kipya kabisa, cha kutokea, akakiviringisha kibuyu kama unavyomviringisha mtoto wa siku moja. Kisha akaelekea kwenye gari, anakanyaga kwa uangalifu, anamfokea mwanae: "Fungua mlango, umesimama nini! Na uendeshe taratibu. Ukiingia shimo hata moja utashuka utembee."

Gervas alichelewa. Alimvuta Yasinta nyuma ya tangi la maji, na huko sikuangalia. Nilisikia tu jina, "Yasinta," likisemwa mara mbili, na mara ya pili halikuwa na sauti. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na kola yake ina alama ya vidole vya nta. Akaja kwangu.

"Mke wangu mkubwa."

"Naam, mume wangu."

"Nitunzie huyu mdogo hizi siku mbili."

"Nimemtunza zaidi ya miaka ishirini, hizi mbili zitanishinda? Nenda. Na mafuta yangu?"

Akajipiga paji la uso. "Alhamisi alfajiri, bibi. Nitayaleta mwenyewe, nije kumpeleka stendi."

"Lita sita. Tatu ni faini."

Gari likawashwa. Yasinta alisimama katikati ya uwanja, mikono imejaa udongo na nta, anatazama, hajui kama ameshinda au ameshindwa, maana kile kitenge na kile kibuyu vilikuwa vimeondoka bila neno. Nikamshika kiunoni. Nilisikia moyo wake kwenye ubavu wangu.

Gari lilifika kwenye mipapai, likasimama. Kioo kikashuka. Mama Agripina akatoa kichwa, nywele wazi, mvi zote nje, mwanamke ambaye hata kanisani sijawahi kumwona bila kitambaa.

"Yasinta!"

"Abee mama!"

"Marahaba, mwanangu."